Kasha Lisilo na Msumari

Jumanne, 3 Februari

Sijamwambia mtu hili. Tata haoni. Mama anajua macho yake yamechoka, basi. Hajui kwamba haoni mstari wa penseli, wala wa kisu, wala ubao wenyewe mpaka aupapase. Anaona mwanga wa mlango, na kivuli cha mtu akisimama pale. Kofia anaishusha hadi kwenye nyusi. Miwani ya vumbi haivui. Watu wanadhani ni vumbi kweli.

Shuleni kwenye insha niliandika "baba yangu". Hapa naandika Tata, kama tunavyomwita nyumbani. Daftari hili si la kusahihishwa na mwalimu.

Leo nimekata mikia mitano ya kuungia pembe kwenye ubao wa kwanza mrefu wa kasha. Wa tatu umelala kidogo. Tata amepitisha kidole akasema si kitu, meno ya ubao wa pili yatachorwa kuufuata mkia ulivyo.

Kasha ni la wazee wa mila. La zamani alilitengeneza babu yangu, sasa limeliwa na mchwa. Wanaweka humo vitu vyao ambavyo sivijui na sitaki kuvijua. Masharti yao: liwe la mvule. Lisiwe na msumari wala bawaba, chuma kisibaki ndani yake. Kwa hiyo pembe zote nne lazima zishikane zenyewe, mikia ya ubao mmoja iliyopanuka kama mkia wa njiwa ndani ya meno ya ubao mwingine. Na sharti la mwisho: mkono wa mwanamke usiliguse, kuanzia ubao wa kwanza.

Mkono wangu umeligusa kuanzia ubao wa kwanza.

Jumatano, 4 Februari

Tunafanya hivi. Tata anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, randa mapajani. Mimi niko ndani kwenye jiliwa, kile kibanio cha benchi, na msumeno mdogo, ule wenye mgongo wa shaba. Akiona kivuli anakohoa mara mbili. Naacha msumeno, nashika ufagio. Yeye anasimama na kuja kwenye benchi, anashika msumeno palepale nilipouacha. Anajua kila kitu kilipo kwa mkono.

Leo amekohoa mara sita. Mara moja ilikuwa mbuzi.

Mama anajua ninafagia na kushika mbao upande wa pili. Amesema ni vizuri nisikae bure wakati nasubiri kuchaguliwa kidato cha tano. Nimepata divisheni ya tatu. Labda nitachaguliwa, labda sitachaguliwa. Sikuzungumza na mtu yeyote leo zaidi ya Tata. Sikuona shida.

Ijumaa, 6 Februari

Nimeharibu ubao.

Kosa ni la kijinga. Ukikata meno unauacha mstari, unakata upande wa kutupa. Mimi nimekata upande wa kubaki. Nilikuwa namfikiria mzee mmoja wa mila aliyepita njiani, kama alisimama au hakusimama. Jino limetoka jembamba, likiingia linacheza kama jino la mtoto.

Tata alisikia kabla sijasema. Msumeno ukiwa mahali pake una sauti moja, ukihama inabadilika. Akanyoosha mkono, nikampa ubao. Akaubonyeza bonyeza. Hakunifokea. Ingekuwa afadhali anifokee.

Tulikuwa na ubao mmoja wa akiba. Sasa hatuna.

Jioni Magige alipita, yule fundi mwenye mashine ya umeme pale senta. Tata alikohoa, mimi nikafagia. Magige akasimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Mwita! Bado unakwangua tu kama mtu anayemkuna ng'ombe mgongo? Niletee, nikukatie kwa dakika tano."

"Mashine yako inajua mila?" Tata akamjibu.

"Mashine yangu haina mila ila haichoki macho."

Akacheka, akaenda. Nadhani ni utani tu. Tata hakucheka. Alishika msumeno muda mrefu baada ya Magige kuondoka, kama vile bado alikuwa mlangoni.

Jumatatu, 9 Februari

Pembe ya kwanza imeingia!

Nitaandika jinsi ilivyokuwa nisisahau. Tata ana kipande cha mti mgumu alichokichonga mwenyewe, tunakiita kiongozi. Unakipachika ukingoni mwa ubao, msumeno unakiegemea, basi mteremko wa mkia unatoka uleule kila mara. Kimelainika kwa miaka. Kina upande wa kulia na wa kushoto. Upande wa kushoto ulikuwa mpya kabisa, maana Tata hakuuhitaji sana. Mimi natumia mkono wa kushoto. Nyumbani walinipiga nikiwa mdogo ili niuache. Kula niliacha. Kuandika niliacha. Msumeno umekataa.

Ukishakata unatoa vipande vya katikati kwa patasi, nusu upande huu, nusu upande ule, usivunje ukingo. Halafu unajaribu mara moja tu. Tata amesema kiungo hiki ukikijaribu mara tatu kimeshalegea kabla hakijafanya kazi. Nikaweka mikia juu ya meno. Nikagonga na nyundo ya mbao. Sauti ikaanza nyepesi, ikawa nzito, ikanyamaza.

Tata alipitisha ukucha kwenye maungio. Ukucha haukukwama popote. Akasema, "Hm." Ile "Hm" nimeibeba siku nzima.

Sijawahi kufanya kitu kizuri hivi. Naona aibu kuandika lakini ni kweli.

Alhamisi, 12 Februari

Mzee Nyamhanga amekuja.

Ni yeye anayesimamia kasha kwa niaba ya wazee. Zamani, ng'ombe wakiibwa, yeye ndiye aliyekuwa anatangulia kufuata nyayo. Watu wanasema alikuwa anaangalia majani yaliyolala na kusema ng'ombe yupi anachechemea. Ni mzee sana sasa lakini macho yake bado mazima. Hiyo ndiyo shida.

Tata alikohoa. Nikashika ufagio. Nikaamkia, "Shikamoo." Hakuniitikia mara moja. Alikuwa anaangalia chini.

Aliangalia unga wa mbao. Nami nikauangalia. Ulikuwa umelundikana upande wa kushoto wa jiliwa, kilima kizima. Upande wa kulia, anaposimama Tata, sakafu ilikuwa safi.

"Marahaba," akasema hatimaye. Halafu akamgeukia Tata. "Mwita, siku hizi unasimama upande gani?"

"Popote penye mwanga, mzee."

"Hm. Mwanga uko huku."

Akazunguka benchi taratibu kwa fimbo yake. Aligusa pembe mbili zilizokamilika. Akasema kazi ni nzuri, nzuri kuliko ya babu yangu. Akasema watakuja kulichukua Jumapili ya tarehe ishirini na mbili, kabla hawajaenda kuomba mvua. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti:

"Na siku hiyo utakula kiapo, kama baba yako alivyokula. Kwamba mkono wako peke yake ndio uliolikata."

Tata akasema sawa. Aliposema sawa, mzee alikuwa ananiangalia mimi.

Ijumaa, 13 Februari

Sikujua habari ya kiapo. Tata alijua tangu mwanzo.

Nilipokwenda kuchota maji nilipita kwenye mahame ya Getaro. Kila mtu hapa anayajua. Getaro alikula kiapo kwamba hakusogeza jiwe la mpaka wa shamba. Alikuwa amelisogeza. Kabla ya mavuno radi iliwapiga wanawe wawili chini ya mti mmoja, na yeye alifuata kwa ugonjwa usiojulikana. Mama aliwaona kwa macho yake akiwa msichana. Nyumba imebaki ukuta mmoja. Hakuna anayelisha mbuzi pale, ingawa nyasi ni nzuri.

Mbuzi wetu mmoja aliingia leo. Nilimwita kwa mbali. Sikuingia.

Jumamosi, 14 Februari

Sabato. Mzee wa kanisa amefundisha kwamba viapo vya kienyeji ni vitisho vya giza na havina nguvu juu ya mwamini. Watu wakaitikia amina. Nilitaka kumfuata baada ya ibada nimuulize: na kama mtu mwenyewe anaviamini? Vikimuua, vitakuwa vimemuua kwa nguvu ya nani? Nilisimama karibu naye mpaka watu watatu walipokwisha kusalimiana naye. Akanigeukia akatabasamu. "Ndiyo, Bhoke?"

Nikasema nimekuja kuaga.

Ninajichukia ninapokuwa hivyo.

Tata hakuja kanisani. Anasema jua linamuumiza kichwa.

Jumatatu, 16 Februari

Pembe ya tatu jana, ya nne leo. Kasha limesimama. Kifuniko kinateleza kwenye mfereji bila kukwama. Hakuna msumari. Ukilitikisa halitoi sauti yoyote, kama kitu kilichochongwa kutoka gogo moja.

Nimeliogopa.

Mvua bado. Mawingu yanajikusanya upande wa hifadhini kila alasiri, yanakuwa meusi, yanaondoka. Mahindi ya watu waliopanda mapema yamejikunja. Pale kisimani wanawake wanasema wazee wanasubiri kasha, mvua inasubiri wazee. Mmoja akaniambia, "Mwambie baba yako aharakishe mkono." Wote wakacheka. Nikatazama ndoo yangu.

Jumanne, 17 Februari

Nimezungumza na Tata. Niliandaa maneno tangu Ijumaa, kama hotuba ya mahafali. Yote yakapotea. Nikasema tu, "Tata, usile kiapo."

Alikuwa ananoa patasi. Anainoa kwa kusikiliza.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Mama yako?"

"Hajui chochote."

Akanoa. Nikadhani yamekwisha. Halafu akasema: "Nikiwaambia sioni, kesho nitakuwa mtu wa kushikwa mkono kupelekwa chooni. Watakuja kunisalimia kwa sauti kubwa kana kwamba sisikii pia. Magige atasema alijua. Ukoo utasema fundi alimwachia msichana kasha la wazee. Wewe watakutaja kila ng'ombe akifa."

"Lakini Getaro..."

"Namjua Getaro. Nilichimba kaburi lake."

Nikalia. Akasema nipeleke maji kwa ndama.

Anaviamini viapo. Hapo ndipo penye tatizo lote. Kama asingeviamini ningelala. Anajua kitakachompata, na amechagua.

Alhamisi, 19 Februari

Ndama aliyezaliwa Januari amekufa asubuhi. Alikuwa mzima jana, maji nilimpa mwenyewe. Mama anasema ni tumbo. Tata alipapasa masikio ya ndama kwa muda mrefu, kisha akasema wamzike mbali.

Ni ndama tu. Ndama hufa. Nimeiandika mara mbili kwenye kiganja ili niiamini.

Jioni nilimsaidia Mama kuchambua ulezi wa ugeni wa Jumapili. Nikamuuliza kana kwamba sina haja: wazee wakikuta kasha lina kasoro inakuwaje? Akasema kasoro ndogo inarekebishwa. Likivunjika, basi, kazi inatafutiwa fundi mwingine. Na kiapo? Mama akacheka. Akasema mwaka uliopita, kesi ya majirani zetu ilipoahirishwa, ilikuwa kwa sababu hiyo hiyo, kasha la zamani, ambalo viapo huliwa juu yake, lilikuwa limeshaoza. Hakiliwi kiapo juu ya kitu kilichovunjika. Kitamrudia kila aliyehudhuria.

"Kwa nini unauliza?"

Nikasema nauliza tu. Akaniangalia kidogo. Nikapepeta ungo kwa nguvu kupita kiasi, punje zikaruka.

Ijumaa, 20 Februari

Sijalala. Nimefikiri kuhusu jina la Tata. Watu wa Kenyamonta hutoka kwao kuja kuagiza milango kwake. Jina la Tata ndilo alilonalo. Hana kitu kingine. Nikiliharibu kasha namharibia hilo.

Nisipoliharibu atakula kiapo.

Nimepima upande huu na upande ule. Ni kama kiungo, hakuna kujaribu mara ya pili.

Jumamosi, 21 Februari

Nimelikata.

Nilisema tumbo linaniuma. Mama akaenda kanisani. Safari hii Tata alikwenda naye, amemshika bega, na kofia yake. Sijui kwa nini leo. Labda alitaka kuomba.

Mchana. Kuku tu uani. Nilichukua msumeno mkubwa. Nililiweka kasha kwenye benchi, ubao mrefu wa mbele juu. Nikasimama. Halafu nikafanya jambo la kipumbavu: nikachukua skwea ya kupimia pembe na kisu nikachora mstari. Sikuweza kukata bila mstari. Mkono ulikataa.

Nikakata. Mvule unanuka kama pilipili ukiukata. Kutoka ukingo wa juu mpaka wa chini, katikati ya ubao. Pembe hazikulegea hata moja. Kasha lilibaki limesimama na jeraha lake, mikia yote imeshikilia meno yote, na katikati mwanga unapita.

Nimefanya kazi siku ya Sabato. Nimevunja kitu cha wazee. Nimemwangusha baba yangu. Yote kwa saa moja.

Sikufagia unga. Nimekumbuka sasa hivi, nao wamerudi, wako uani. Siwezi kwenda.

Jumapili, 22 Februari

Walikuja saba. Nitaandika kwa mpangilio.

Tata aliingia bandani kwanza, peke yake, kulipangusa kasha kabla hawajafika. Nilikuwa jikoni. Nilisikia kitambaa kinapita. Nikasikia kinasimama. Nilitegemea aniite. Hakuniita. Alitoka, akakaa kwenye kigoda, akavua miwani ya vumbi na kuiweka chini. Mama alipomwona macho yake yakiwa wazi mbele ya jua aliweka mkono mdomoni. Yameshakuwa meupe. Hata mimi sikujua yamefikia vile.

Wazee wakafika. Wakaamkiwa. Wakaingia. Mmoja akatoka haraka kama aliyekanyaga siafu. Wakaanza kuzungumza wote pamoja kwa Kikurya, wengine kwa sauti ya juu.

Mzee Nyamhanga alibaki ndani. Nilimwona kwa mlango. Aliinama, akachota unga wa mbao, akausugua kwa vidole. Akasema, "Hili limekatwa jana. Unga bado mweupe." Kisha akapitisha kidole kwenye mkato.

"Mwita. Nani amefanya hivi?"

"Mimi."

Nilikuwa nimeshika sufuria ya uji. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka kusema. Nikainama nikakoroga uji.

"Nilitaka kupunguza ukingo," Tata akasema. "Mkono ulipotea. Nitazameni. Macho yamekwisha, wazee. Yamekwisha mwaka na zaidi. Nimewaficha."

Walimtazama. Wote saba. Mzee mmoja alianza kusema pole kwa sauti kubwa sana, kana kwamba Tata hasikii pia.

Mzee Nyamhanga hakusema pole. "Kipofu hakati mstari ulionyooka hivi."

"Mkono wa miaka thelathini hauhitaji macho."

"Ila ulipotea."

"Ulipotea ukiwa umenyooka, mzee."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mzee Nyamhanga alisimama pale na unga mkononi. Nilihesabu pumzi zangu. Angeweza kumwambia aape kwa hilo pia. Alikuwa na haki. Nilimwona anafikiri. Mwishowe aliufungua mkono, unga ukaanguka upande wa kushoto wa jiliwa, ulikotoka.

"Hatuapishi juu ya kitu kilichovunjika," akasema. "Twendeni."

Hawakula. Ulezi wote umebaki. Alipopita mlangoni pa jikoni alisimama mbele yangu.

"Binti. Mkono wako huo unauma?"

Mkono wa kushoto ulikuwa na malengelenge mawili. Nikauficha nyuma. Badala ya kumjibu nikasema, "Shikamoo." Nilikuwa nimeshamwamkia.

"Marahaba," akasema, akaenda zake.

Jumatano, 25 Februari

Kijiji kizima kinajua. Wanakuja kumtazama. Wanapunga mkono mbele ya uso wake, wanadhani hatuwaoni sisi. Mwenye kuagiza kitanda amekuja kuchukua mbao zake. Kazi ya kasha jipya la wazee imepelekwa kwa fundi wa mbali, sijui wapi. Mvua bado, na pale kisimani wananiachia nafasi ya kuchota kwanza. Si heshima. Wanataka niondoke mapema.

Magige alikuja pia. Nilidhani amekuja kucheka. Alisimama mlangoni, akasema, "Mwita, ile randa yako usiiuze. Mtu akija kuitaka mwambie nimeinunua mimi." Akaondoka bila hata kukaa.

Mama amelia siku mbili, sasa amenyamaza. Tata hajaniuliza chochote. Hajanigusa, hajanifokea. Analisikiliza banda lilivyo kimya.

Alijua. Kidole chake kinajua ufa ni upi na mkato ni upi. Alijua kabla wazee hawajafika, akavua miwani.

Ijumaa, 6 Machi

Mama amesikia kanisani kwamba madaktari wa macho watakuja hospitali ya Tarime mjini wiki ijayo. Wanatoa mtoto wa jicho. Walikuja mwaka jana pia. Tata alisikia mwaka jana. Hakwenda, maana foleni ingekuwa ya watu wa huku tupu.

"Sasa nani hajajua?" Mama akamwambia, kwa hasira kabisa. "Unamficha nani? Ng'ombe?"

Tata akasema atakwenda.

Alhamisi, 12 Machi

Tarime. Wamempasua Tata jicho la kulia jana. Usiku tulilala kwenye mabenchi ya nje pamoja na watu wengine, wote wamefungwa jicho moja. Asubuhi nesi alifungua bandeji. Tata alipepesa muda mrefu, machozi yanatoka. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Nilitamani nisogee pembeni aangalie kitu kingine kwanza, ukuta, mti.

"Umekonda," akasema.

Tuliporudi mvua ilitukuta njiani. Nyingi. Nikaona watu wamesimama mashambani bila kujikinga.

Jumapili, 15 Machi

Mvua asubuhi, sasa imetulia.

Tata ameingia bandani. Nilidhani atatafuta zana zake. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona na kulitoa kasha. Wazee hawakulichukua, wala hawakusema tulichome. Akalibeba mpaka kwenye mwanga wa mlango na kukaa nalo mapajani. Hajawahi kuliona. Nilifagia mahali palipokuwa pasafi.

Alianza na pembe ya kwanza. Akalisogeza karibu na jicho, akaligeuza, akalisogeza mbali. Pembe ya pili. Kwenye ya tatu akasema, "Hapa ulikimbia." Kweli nilikimbia, ilikuwa jioni na mwanga unakwisha. Ya nne akaipangusa kwa kiganja.

Halafu akafika kwenye mkato. Alifunga jicho akaupapasa kwa kidole gumba, kama alivyofanya siku ile. Akafungua jicho akauangalia.

"Mstari huu ndio umenyooka kuliko yote."

Akanywa uji wake. Akaniuliza kama bado kuna mbao ndefu za mvule. Nikasema hakuna. Akasema tutatafuta, na kwamba jiliwa lihamishiwe upande wa pili wa benchi, ili mwanga unifikie.

Sijalia. Nimeandika tu.

Sasa tunajua watatu: mimi, Tata, na wewe daftari. Mzee Nyamhanga ni wa nne, lakini yeye hakuona, alikisia, na amechagua kunyamaza. Sijui kwa muda gani. Jana alipita njiani, akaangalia mlango wa banda, akaendelea.

Kwa hiyo kama siku moja mtu atakuokota na kusoma mpaka hapa: tafadhali, wewe unayesoma, nyamaza. Baba yangu amesema mbele ya wazee saba kwamba mkono ulikuwa wake. Mwachie mkono huo.